UZI: Kama Tanganyika ingerudishwa kwa Wajerumani mwaka 1938, historia yetu ingekwendaje?

#1 – Kumbukizi

Wakuu, salaam.

Nina hoja ambayo vitabu vyetu vya shule huipita juu juu. Tunafundishwa kwamba utawala wa Wajerumani ulikoma Novemba 1918, Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi yao, aliposalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia, na kwamba kifungu cha 119 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kikaivua Ujerumani makoloni yake yote. Baada ya hapo somo linaruka hadi kwa Gavana Donald Cameron na utawala wa kupitia machifu, kisha TANU. Katikati ipo miaka ishirini ambayo Ujerumani haikuchoka kudai nchi hii irudishwe. Heinrich Schnee, gavana wao wa mwisho hapa, aliifanya kazi hiyo kuwa maisha yake. Mwaka 1936 vyama vya kudai makoloni viliunganishwa chini ya Jenerali Franz Ritter von Epp katika Reichskolonialbund, na tangu hapo madai hayo yakawa ya serikali yenyewe.

Tarehe 3 Machi 1938 balozi wa Uingereza mjini Berlin, Nevile Henderson, alimwendea Hitler na pendekezo la Waziri Mkuu Chamberlain kwamba Afrika ya kati igawanywe upya na Ujerumani ipewe sehemu yake. Hitler hakulichangamkia. Alijibu kwamba suala la makoloni linaweza kungoja miaka minne, sita, minane au hata kumi.

Sasa tuchukulie kwamba angesema ndiyo na kuitaka Tanganyika yenyewe. Dai langu ni kwamba angeipata, na makabidhiano yangekwisha kabla ya 1939 kumalizika bila risasi hata moja kulia. Septemba mwaka uleule Sudetenland, eneo la Chekoslovakia, iligawiwa Ujerumani kwenye mkutano wa Munich huku Wachekoslovakia wenyewe wakiwa nje ya mlango. Nani angemwita Msukuma au Mzaramo mezani?

#2 – Karani Mstaafu

Ahsante kwa uzi, lakini msingi wake unahitaji kurekebishwa kabla hatujapandisha kuta. Pendekezo alilobeba Henderson halikuwa la kuirudisha Tanganyika. Lilihusu eneo la bonde la Kongo na jirani zake, ambalo lingewekwa chini ya utaratibu mmoja wa mataifa kadhaa, na sehemu kubwa ya ardhi ya kumridhisha Hitler ingekatwa kutoka Kongo ya Ubelgiji na Angola ya Ureno. Waingereza walikuwa wakarimu sana, ila kwa mali ya jirani.

Sababu ya kuikwepa Tanganyika ipo kwenye ramani. Bila nchi hii, Kenya na Uganda zinatengana na Rhodesia, na ile ndoto ya zamani ya himaya isiyokatika kutoka Cairo hadi Cape inakatika katikati. Tena wakati huo ndoto hiyo ilikuwa imepata mabawa, kwa maana halisi: kuanzia 1937 ndege za Imperial Airways zinazotua majini zilipita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Lindi hiyo hiyo ambayo leo watu wanailaumu kwa kuachwa nyuma ilikuwa kituo cha barua za ndege za himaya. Mtu hatoi kipande kama hicho kwa sababu tu mwenzake amepiga meza.

#3 – MkongeTanga

Mzee Karani umesema kweli kuhusu ramani, lakini umewasahau watu waliokuwa juu ya ramani hiyo. Wajerumani walifukuzwa baada ya vita na mashamba yao yakauzwa kama mali ya adui, lakini kuanzia 1925 waliruhusiwa kurudi, na walirudi kweli. Kufikia 1939 walikuwa takriban 3,000. Ukiondoa maofisa wa serikali, Waingereza waliokuwa walowezi hasa hawakuwashinda kwa idadi. Usambara, Moshi, Arusha, Oldeani na nyanda za Iringa zilikuwa na shule zao, vilabu vyao na tawi la chama cha Nazi.

Babu yangu upande wa mama alikuwa mnyapara kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Alisimulia kwamba ofisini kwa bwana shamba zilikuwapo picha mbili ukutani, ya Kaiser na ya Hitler, na ya Kaiser ndiyo iliyokuwa kubwa. Mwaka 1938 yule bwana alianza kuwaambia vibarua kwamba karibuni watalipwa kwa fedha nyingine, na akaagiza vitabu vya hesabu vipya vyenye safu isiyoandikwa kitu juu yake. Septemba 1939 polisi walipokuja kumchukua, alikuwa kwenye korona, yaani mtambo wa kuchakata mkonge, buti zimejaa maji ya mkonge, na hakubishana nao. Vile vitabu babu alivitumia kuandikia madeni ya duka lake mpaka miaka ya uhuru.

Kwa hiyo naunga mkono nusu ya hoja ya Kumbukizi: kiutawala nchi ilikuwa ya Uingereza, lakini katika baadhi ya wilaya makabidhiano yangekuwa ni kubadilisha bendera tu.

#4 – Mwanahawa

Naona mnaijadili Tanganyika kama shamba lenye hati ya Mwingereza. Haikuwa hivyo. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya kifungu cha 22 cha katiba ya Shirikisho la Mataifa (League of Nations, lililoutangulia Umoja wa Mataifa), na masharti ya udhamini huo yalithibitishwa mwaka 1922. Mabadiliko ya masharti hayo yalihitaji ridhaa ya Baraza la Shirikisho. Chamberlain hakuwa na uwezo wa kuinuka asubuhi na kuitoa nchi kwa barua.

Lipo jambo la pili ambalo hatujaligusa. Wajerumani, hasa Hjalmar Schacht aliyesimamia uchumi wao, walilia kwamba wamenyimwa malighafi. Masharti ya udhamini yaliwataka Waingereza waache biashara wazi kwa raia wa nchi zote wanachama kwa usawa, na wanunuzi wa Kijerumani walinunua mkonge na kahawa bila kizuizi. Shida ya Schacht ilikuwa fedha za kigeni. Alitaka mahali atakapolipa kwa marki alizozichapisha mwenyewe. Na hata hapo hesabu haisimami vizuri, kwa sababu kabla ya 1914 biashara ya Ujerumani na makoloni yake yote kwa pamoja haikufika asilimia moja ya biashara yake ya nje.

#5 – Kumbukizi

Dada Mwanahawa, Ujerumani ilikuwa imekwisha kujitoa katika Shirikisho tangu Oktoba 1933, na Japani nayo ilijitoa lakini ikaendelea kuvishika visiwa vyake vya udhamini katika Pasifiki bila kuulizwa na mtu. Abisinia, Ethiopia ya leo, ilikuwa mwanachama kamili ilipovamiwa na Italia mwaka 1935, na sheria haikuiokoa. Kufikia 1938 Baraza hilo lilikuwa limebaki jengo na makarani wake. Ningependa kusikia kizuizi chenye nguvu kuliko hicho.

#6 – Ruvu Juu

Kizuizi ni sisi. Nashangaa tumefika ujumbe wa sita bila mtu kuitaja Maji Maji.

Kutoka 1907 hadi 1938 ni miaka 31 tu. Mtu aliyeona maghala ya chakula yakichomwa Ungoni na Umatumbi akiwa na umri wa miaka kumi na mitano alikuwa na miaka 46, yaani baba wa familia mwenye nguvu zake. Makadirio ya serikali ya Kijerumani yenyewe yalikuwa watu 75,000 waliokufa, na wanahistoria wa baadaye wamefikia 250,000 hadi 300,000, walio wengi kwa njaa iliyofuata. Songea Mbano alinyongwa Februari 1906 na makaburi ya mashujaa waliouawa pamoja naye yapo mpaka leo. Wazee walikuwa bado wanaihesabu ile hamsa ishirini ya kiboko kwa vidole. Halafu mwenzetu anasema risasi isingelia!

#7 – Kipanga

Ndugu Ruvu Juu, umesema vizuri, lakini Lettow-Vorbeck alipigana miaka minne kwa kutumia askari wa wapi, wa Bavaria? Maelfu ya Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na Wasudani walibeba bunduki zake hadi Msumbiji na kurudi. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wa zamani waliobaki hai, ofisi ya muda ilifunguliwa Mwanza na wazee wakajitokeza kwa mamia. Inasimuliwa kwamba wengi hawakuwa na vyeti, hivyo mlipaji akawapa fagio na kuwaamrisha kwa Kijerumani washike silaha, na hakuna aliyekosea. Wazee hao mwaka 1938 walikuwa na umri wa kukamata bunduki tena. Wewe unajua wangeielekeza wapi?

#8 – Ruvu Juu

Wangeielekeza kwa anayelipa, kama walivyofanya 1914, na kama walivyofanya wenzao wa King's African Rifles upande wa pili. Usichanganye mshahara na mapenzi. Hadithi ya askari mwaminifu ilitungwa na akina Schnee ili kujibu tuhuma za Versailles kwamba Wajerumani hawafai kutawala. Wapagazi waliokufa njiani kwa kuhara na njaa hawamo katika hadithi hiyo kwa sababu hakuna aliyewaandika kwenye daftari, na ndio waliokuwa wengi.

Na fagio la Mwanza, hata kama ni kweli, linathibitisha kwamba walifundishwa gwaride, basi.

#9 – Mkazi wa Spree

Habari zenu kutoka Berlin. Mabishano ya namba 7 na 8 yana mtu mmoja anayeyajibu kwa maisha yake, na nashangaa kwamba nyumbani hafahamiki.

Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na vita vilipoanza aliingizwa jeshini akiwa mtoto wa miaka kumi. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ikamkatalia. Akabaki mjini, akafanya kazi ya kuhudumu hotelini, akafundisha Kiswahili chuoni kwa polisi na maofisa waliojiandaa kwenda kutawala Tanganyika itakaporudi, na kwenye mikutano ya kudai makoloni akasimamishwa jukwaani na sare ya askari na bendera mkononi. Mwaka 1934 aliomba nishani ya wapiganaji wa vita vya kwanza, nayo akanyimwa. Mwaka 1941 aliigiza katika filamu ya kumtukuza Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, na mwaka huohuo akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alikufa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mbele ya nyumba aliyoishi mtaa wa Brunnenstraße kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake, na nimekipita mara nyingi.

Kwa hiyo tusibuni sana Tanganyika ya Wanazi ingefananaje. Ofisi ya siasa za makoloni ya chama chao ilikwisha kuandika rasimu za sheria za kutenganisha watu kwa rangi katika makoloni yatakayopatikana, na shule ya polisi wa makoloni ilikwisha kufunguliwa Oranienburg. Makaratasi yalikuwa tayari. Ofisi hiyo ilifungwa mwaka 1943 kwa amri ya Bormann, msaidizi wa karibu wa Hitler, baada ya kushindwa Stalingrad kuwaonyesha kwamba Afrika haifikiki.

#10 – Kipanga

Hilo la Husen sikulifahamu. Ahsante sana.

Lakini umenipa na silaha nyingine. Kama sheria zilikuwa tayari na shule ya polisi ilikuwa tayari, basi madai yale hayakuwa mchezo. Wapo wanaoshikilia kwamba Hitler aliyatumia makoloni kama chambo tu cha kuwababaisha Waingereza huku macho yake yakiwa Ukraine, na hata kabla hajashika madaraka aliwahi kuwabeza watawala wa zamani kwa kukimbilia ng'ambo badala ya kutafuta ardhi mashariki. Chambo kingeandaliwa kwa bajeti, ofisi na sare?

#11 – Karani Mstaafu

Kingeandaliwa, ndiyo. Serikali ile ilikuwa na ofisi nyingi zilizofanya kazi moja na kugombana, na von Epp alipewa yake akae kimya. Mnamo 1938 Hitler alikuwa anaitaka Austria, na aliichukua siku tisa tu baada ya kumjibu Henderson. Mwenye haraka na Tanganyika hasemi naweza kungoja miaka kumi.

Naongeza jambo ambalo ndilo lililoua mjadala huo kabisa. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 Wanazi walichoma masinagogi na kuvunja maduka ya Wayahudi nchi nzima. Baada ya hapo hakuna mbunge wa Uingereza aliyeweza kusimama na kutetea kuwakabidhi Wanazi haohao Waafrika na Wahindi wa Tanganyika. Novemba hiyohiyo Chamberlain alitaja bungeni uwezekano wa kuwapa wakimbizi wa Kiyahudi ardhi hapa hapa Tanganyika, na tarehe 7 Desemba Waziri wa Makoloni, Malcolm MacDonald, akatamka kwamba serikali haifikirii kukabidhi koloni lolote. Kwa hiyo dirisha la Kumbukizi lilikuwa wazi kuanzia Novemba 1937, Lord Halifax alipomtembelea Hitler, hadi Novemba 1938. Mwaka mmoja, basi.

#12 – Nyasa Kusini

Mnaitaja London kama kwamba ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho peke yake. Afrika Kusini ilikuwa inaishika Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo, kwa udhamini wa namna hiyohiyo, na ilijua fika kwamba Dar es Salaam ikirudi, barua inayofuata itaitaja Windhoek. Waziri wake wa ulinzi, Oswald Pirow, alikwenda Berlin Novemba 1938 akitafuta njia ya kuwaridhisha Wajerumani kwa ardhi nyingine ya Afrika, mradi isiwe hiyo. Jan Smuts ndiye aliyeongoza majeshi yaliyoivamia nchi hii mwaka 1916, na hakuwa mtu wa kurudisha alichokiteka. Walowezi wa Kenya nao walikuwa wamejipanga kupinga, ingawa tusiwasifu, kwa maana lengo lao tangu miaka ya 1920 lilikuwa kuimeza Tanganyika ndani ya muungano wao wa Afrika Mashariki.

#13 – Mwanahawa

Na hapo Ruvu Juu anapata ushahidi wake bila kwenda vitani. Mwaka 1931 Martin Kayamba na wenzake wawili kutoka Tanganyika walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge kuhusu muungano huo, nao wakaukataa. Kayamba alikuwa amefungwa na Wajerumani wakati wa vita vya kwanza. Ikiwa Waafrika walisikilizwa 1931, japo kidogo, si sahihi kudai kwamba 1938 hakuna ambaye angewauliza. African Association ilikuwapo tangu 1929, na gazeti la Kwetu la Erica Fiah lilikuwa linatoka Dar es Salaam tangu 1937. Msomaji wa Kiswahili wa mjini alikuwa anajua Hitler ni nani.

#14 – Kumbukizi

Kusikilizwa na kuamuliwa ni mambo mawili, dada yangu. Kayamba alisikilizwa kwa sababu jibu lake liliwafaa waliokwisha kuukataa muungano. Angesema ndiyo tungesikia kwamba Waafrika hawajakomaa.

#15 – Mkwezi

Ruhusuni nipanue kidogo. Himaya zilizojaribu kurudisha koloni lililopotea zimewahi kuwapo, na matokeo yanasomeka. Napoleon alimtuma shemeji yake Leclerc kurudisha Saint-Domingue mwaka 1802. Homa ya manjano na watu waliokataa kurudi utumwani wakalimaliza jeshi lake, yeye mwenyewe akafa mwaka huohuo, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru. Hispania ilipeleka takriban watu 3,000 chini ya Isidro Barradas kuirudisha Meksiko mwaka 1829, na wakasalimu amri Tampico kabla ya Septemba kwisha. Kisha kuna kisa cha ajabu kuliko vyote: mwaka 1861 Rais Pedro Santana wa Santo Domingo aliikaribisha Hispania mwenyewe irudi kutawala, na hata hapo, kwa mlango uliofunguliwa kutoka ndani, waliondoka 1865 baada ya vita vya msituni.

Mtawala wa zamani akirudi hukuta watu waliokwisha kuonja kuishi bila yeye. Naamini Tanganyika ingekuwa hivyohivyo.

#16 – Kipanga

Mkuu, Haiti na Meksiko zilijikomboa. Sisi tulibadilishiwa bwana. Hatukuonja kuishi bila mtu, tulionja kodi ya kichwa kwa shilingi badala ya rupia. Nimeufurahia mchango wako lakini mfano unachechemea.

#17 – Kilindini

Nichangie kutoka Mombasa, kwa kuwa mmejadili kana kwamba mpaka wa Horohoro haupo.

Hoja yangu ni ya kijeshi. Kama Wajerumani wangekuwa Tanga mwaka 1939, basi Juni 1940 Italia ilipoingia vitani Kenya ingebanwa pande mbili. Kaskazini Waitaliano walikuwa na askari zaidi ya 200,000, wengi wao wenyeji wa makoloni yao, na Julai waliiteka Moyale. Kusini, kutoka Mombasa hadi mpaka ni kilomita 100 hivi za barabara. Majeshi ambayo Jenerali Cunningham aliyatumia kuingia Mogadishu Februari 1941 na Addis Ababa Aprili 6 yalipita bandari hii na kujazwa mahitaji kutoka hapa. Mwaka 1914 Wajerumani waliichukua Taveta mwezi wa kwanza wa vita na kuishika hadi Machi 1916, huku wakilipua reli ya Uganda kila walipopata nafasi. Safari hii wangekuwa na ndege. Haile Selassie hangerejea mjini kwake Mei 1941, pengine hangerejea kabisa.

#18 – Karani Mstaafu

Ndugu yangu wa Mombasa, nani angewaletea petroli hizo ndege? Meli za kivita za Ujerumani zilikuwa chache, Suez ilikuwa mikononi mwa Uingereza na Cape ilikuwa mikononi mwa rafiki zake. Manowari ya Königsberg ilijificha delta ya Rufiji mwaka 1914 kwa kukosa makaa na ikamalizwa hukohuko Julai 1915. Koloni lisilofikiwa na meli ni mateka. Mimi naona kinyume chako: Waingereza wenye akili wangefurahi kuwaona Wajerumani elfu kumi wa jeshi wamefungiwa Tabora wakati vita vinaamuliwa Ulaya.

#19 – Kilindini

Lettow-Vorbeck naye alikuwa mateka kwa kipimo chako, na aliwashughulisha miaka minne.

#20 – MkongeTanga

Na gharama ya kuwashughulisha tuliilipa sisi kwa wapagazi. Tusisahau.

Kuna mwanachama aliniuliza faragha kuhusu mashamba. Baada ya Septemba 1939 mashamba ya Wajerumani yaliwekwa chini ya msimamizi wa mali ya adui, kama ilivyokuwa baada ya vita vya kwanza. Wanaume walizuiwa kambini, na wengi walirudishwa Ujerumani mwaka 1940. Vibarua walibaki palepale kwenye mstari uleule wa mkonge, na mkonge wenyewe ukapanda thamani mno baada ya Japani kuteka Ufilipino na makoloni ya Uholanzi ya Asia, Indonesia ya leo, kwa hiyo kazi iliongezeka na kule kulipwa kwa fedha nyingine hakukutokea.

#21 – Mwanahawa

Nina swali kwa upande wa Kumbukizi na Kipanga. Mkataba uleule wa Versailles, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Lilirudi Kalenga mwaka 1954, Gavana Twining alipolipata Bremen. Nchi iliyoshindwa kurudisha fuvu moja kwa zaidi ya miaka thelathini, huku imetia saini, ndiyo iliyokuwa ikilalamika kwamba imenyang'anywa nchi nzima. Je, Wahehe nao wangekaa kimya bendera ile ikipandishwa tena Iringa? Rais Steinmeier aliomba msamaha Songea Novemba 2023, na watu walimsikiliza kwa makini yanayoonyesha kwamba kumbukumbu haijafutika. Mwaka 1938 ilikuwa mbichi.

#22 – Kumbukizi

Swali zuri, na sitalikwepa. Naamini wangekasirika, na naamini pia kwamba hasira bila silaha mwaka 1938 ingezimwa na polisi. Mimi ninachotafuta ni kilichofuata baadaye. Chukulieni Italia. Ilishindwa vitani, ikapoteza Somalia, kisha mwaka 1950 Umoja wa Mataifa ukairudisha Italia hiyohiyo kuwa mdhamini kwa muda wa miaka kumi uliowekwa tangu mwanzo. Huo ndio mfano halisi wa mtawala aliyeshindwa kurudi kwenye koloni lake lililopotea, tena kwa hati. Na tarehe ya mwisho ilipofika, Somalia ikawa huru 1 Julai 1960. Tanganyika chini ya mshindi, Uingereza, iliingia udhamini wa Umoja wa Mataifa Desemba 1946 bila tarehe yoyote ya kumaliza, Nyerere akalazimika kwenda New York mwaka 1955 kuiomba, na uhuru ukaja 9 Desemba 1961. Libya, koloni lingine la aliyeshindwa, ilikuwa huru tangu Desemba 1951.

Je, haiwezekani kwamba koloni lililorudishwa kwa Hitler na kunyang'anywa tena mwaka 1941 lingewekewa tarehe kama Somalia, na TANU ingepata kazi nyepesi zaidi?

#23 – Ruvu Juu

Ungeilipa bei gani kwa hiyo miaka kumi? Soma tena ujumbe namba 9.

#24 – Kipanga

Somalia iliwekewa tarehe kwa sababu Wasomali wa chama cha SYL (Somali Youth League) walipinga Waitaliano kurudi na damu ikamwagika Mogadishu Januari 1948. Kwa hiyo mfano wako, mkuu, unamsaidia Ruvu Juu. Nasema hivyo nikiwa upande wako.

#25 – Ujiji Kwetu

Nimeusoma uzi wote na naona sehemu yetu haimo. Mnasema Tanganyika, lakini koloni lililopotea mwaka 1918 lilikuwa na Rwanda na Burundi ndani yake, na pembe ya Kionga kusini mwa Ruvuma ambayo Wareno waliichukua. Wabelgiji walipewa Ruanda-Urundi, na kwa mkataba wa 1921 Uingereza ikawakodisha maeneo ya bandari hapa Kigoma na Dar es Salaam kwa faranga moja kwa mwaka, ili shaba ya Katanga na kahawa ya Bujumbura zipite. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilijengwa na Wajerumani kwa ajili ya biashara ya nchi hizo hizo. Mdachi angerudishiwa reli bila Urundi angekuwa na reli ya kwenda ziwani kuvua dagaa. Angerudishiwa na Urundi, Ubelgiji ingekuwa upande gani Mei 1940 ilipovamiwa, na Kongo yenye urani ya Shinkolobwe ingepakana na nani?

Kwa hiyo kabla hamjaendelea na tarehe za uhuru, mwanzisha uzi atuambie analirudisha koloni la mipaka ipi, ya 1914 au ya 1922.